Joto la Kiti cha Nyuma

Saa kumi na mbili jioni, kabla umeme wa bonde haujakatwa, Lustika Chaula alipita kwenye mstari wa walalaji akiwagusa mapaji ya uso kwa mgongo wa mkono. Walikuwa kumi na mmoja, wamesimama nje ya ghala la viazi, kila mmoja na blanketi lake mabegani. Alianza na Fungo, kwa sababu Fungo ndiye aliyekuwa akitabasamu.

"Umekunywa."

"Kikombe kimoja cha ulanzi, Mama. Cha kuaga mchana."

"Ulanzi unakudanganya kwamba una joto, halafu alfajiri unakuwa baridi kama jembe. Utalala kwenye kigari cha fundi cherehani. Kile hata mbuzi angekipasha."

Wenzake walicheka. Fungo alivuta blanketi lake. "Mbuzi angepewa majani asubuhi," alisema. "Mimi napewa uji wa jana."

"Na uushukuru."

Kazi hiyo Lustika aliianza mwaka wa pili wa sheria, na sasa ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa kazini. Aliifanya vizuri. Alijua wembamba hupoa mapema, alijua mwenye njaa hafai, alijua wanawake waliozaa wengi hushika joto kuliko wanaume. Hakuandika popote. Mkono wake ulitosha.

Magari yote ya bonde la Lusilo yalikuwa ya mseto, yenye injini ya petroli mbele na betri kubwa chini ya kiti cha nyuma. Likiwa katika hali ya umeme tupu, gari hutoka uani bila sauti na bila moshi, likinong'ona tu kwenye changarawe. Lakini betri ina tabia ya mzee: baridi ikizidi, inakataa kuamka. Ikishuka chini ya digrii tano, gari halimsikilizi mwenyewe wala kitufe chake. Linawasha injini lenyewe ili lijipashe. Na injini iliyolala kwenye sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, dakika zake mbili za kwanza hutoa moshi mchafu kuliko safari nzima inayofuata.

Mahali pengine moshi huo ungepanda ukaondoka. Lusilo ni shimo. Alfajiri za Juni na Julai hewa baridi hukaa juu ya bonde kama kifuniko cha sufuria, na chochote kinachotoka humo hubaki humo mpaka jua lifike. Asubuhi moja, magari yote yakiwa yanangurumishwa kwa ajili ya mnada wa viazi, watoto thelathini na mmoja walikufa kwa kukosa pumzi. Sevelina wa Lustika alikuwa wa tisa kupelekwa makaburini. Alikuwa na miaka sita na alikuwa amevaa soksi mbilimbili.

Ndipo ikaja sheria. Injini isiwake bondeni kabla jua halijagusa jiwe jeupe la ukingoni juu. Mkaa na kuni za usiku marufuku. Umeme ukatwe saa moja jioni, uliobaki uendeshe feni za Nyumba ya Pumzi, kule chini darajani, wanakolala watoto wenye vifua vibovu. Lakini maziwa na viazi viliendelea kutoka bondeni kabla ya macheo, na betri zikabaki hazina wa kuzipasha. Mtu mmoja akagundua kwamba mwili wa binadamu, ukifungiwa ndani ya gari lililofunikwa mablanketi, unatosha. Kando ya kiti cha nyuma kuna tundu ambalo betri huvutia hewa. Mlalaji hulaza kichwa chake hapo, na pumzi yake hushuka kwenye betri mpaka asubuhi.

Wenye magari walilala vitandani. Walalaji walikuwa wajane, wazee, na wasio na mashamba.

Mkono wa Lustika ulipofika kwa Yusta, ulisimama.

Yusta alikuwa dada wa marehemu mume wake. Waliishi nyumba moja tangu Chaula azikwe, wakigombania kijiko na kusali pamoja. Paji la uso wake lilikuwa linawaka. Macho yalikuwa na utando, na midomo ilikuwa imepasuka.

"Tangu lini, wifi?"

"Tangu juzi. Kifua kinanichoma upande huu." Yusta alijaribu kucheka. "Mkono wako una baridi. Uache hapohapo."

Lustika hakuuacha. Alikuwa tayari anawaza gari la Obadia Luvanda, mzee wa kanisa, kubwa kuliko yote na gumu kupasha. Kesho lingetimiza asubuhi mia tatu na sitini na tano bila moshi, na kule ukingoni, kwenye ibada ya macheo, Luvanda angepewa kibao cha tuzo ya Nyumba Safi. Jioni hii anga ilikuwa wazi, bila wingu hata moja. Sakitu ya kesho ingevunja vikombe.

"Yusta," alisema. "Kwa Mzee Luvanda."

Watu wa mstari waligeuka kumtazama Yusta. Kwa Luvanda kulikuwa na godoro, na supu. Fungo peke yake ndiye aliyesema kilichokuwa vichwani mwa wote.

"Heri ya mwenye homa. Ameokota bahati."

"Nikuambukize basi, Fungo," alisema Yusta, "tukapashe wote kanisa."

* * *

Mama Shukrani, mke wa Luvanda, alikuwa amekwisha kutandika kiti cha nyuma. Alimshika Yusta shavu kama mtu anayepima mkate.

"Ee, huyu anafaa. Bwana asifiwe, Mama Sevelina."

"Amina."

"Mzee alikuwa na wasiwasi. Nikamwambia, Lustika hajawahi kutuangusha." Aliweka bakuli la supu juu ya boneti. "Anywe sasa hivi, iingie ikiwa ya moto. Lakini asinywe maji mengi. Akitoka kukojoa, tutafungua mlango bure."

Mama Shukrani alipoingia nyumbani, Yusta alikunywa vijiko viwili, akarudisha bakuli.

"Wifi. Vile vidonge vya zahanati bado unavyo?"

Vilikuwa sita, vyeupe, kwenye fundo la kanga ya Lustika. Alikuwa amevitunza tangu Pasaka. Alivigusa kwa nje ya kitambaa.

"Ninavyo."

"Nipe viwili nilale. Kichwa kinapasuka."

Lustika aliangalia nyumba ya Luvanda, taa zikiwa bado zinawaka, kisha chini bondeni, kwenye paa refu la Nyumba ya Pumzi. Watoto ishirini na wawili. Mtu wa kawaida, usiku kama huu, angelifikisha gari hili digrii nne. Yusta na homa yake angelifikisha saba. Vidonge viwili, na ifikapo saa nne usiku angetoka jasho, akapoa, akawa mtu wa kawaida.

"Kesho," alisema. "Gari likifika Jiweni, kule ukingoni, nitakupa vyote."

Yusta alimtazama. Hakuwa mjinga. Alisoma mpaka darasa la saba na alikuwa wa kwanza kwa hesabu.

"Unalitaka joto langu."

"Sio mimi. Watoto, wifi. Injini ikiwaka uani hapa, moshi unateremka moja kwa moja."

"Najua unakoteremka. Mimi ndiye nilimvalisha Sevelina zile soksi." Alikohoa, akashika ubavu. "Sijakataa. Ninachotaka ni wewe uliseme kwa mdomo wako. Sema, Yusta, baki na homa."

Lustika alivuta blanketi. Alimfunika miguu, akamlaza kichwa karibu na tundu, akaomba sala fupi ya usiku huku ameshika mlango. Yusta hakuitikia amina. Alisema tu, "Funga. Unatoa joto la Mzee."

Mlango ulifungwa. Juu ya gari Lustika alitandaza mablanketi manne na turubai, akakunja pembe zake vizuri, kama alivyofanya kila jioni.

* * *

Saa kumi na moja na nusu alfajiri majani yote yalikuwa meupe na ardhi ililia chini ya viatu. Luvanda alitoka amevaa suti ya kijivu na tai, lakini miguu ilikuwa peku. Aliendesha hivyo siku zote ili akihisi kipedali vizuri, kwa sababu ukikanyaga zaidi kidogo, gari linadhani una haraka na kuwasha injini. Vidole vyake vilikuwa vyekundu.

"Mama, leo utapanda," alimwambia Lustika. "Wameomba msimamizi awepo kibao kikitolewa. Ukae nyuma na mwenzako. Madumu ya maziwa nimeyaacha, tuwe wepesi."

Waliingia upesi, mlango ukifunguliwa kwa upana wa mwili tu. Skrini iliwaka. Digrii saba na nusu. Mama Shukrani alipiga kofi moja la furaha, la kimyakimya, kwenye paja lake.

"Haijawahi kufika saba na nusu, Mzee."

"Bwana ametupa," alisema Luvanda. Alibonyeza kitufe, na kwenye skrini kakatokea kale kajani ka kijani. Hali ya umeme ilikubali.

Yusta alikuwa amekunjamana kwenye kona. Lustika alimwinua, akamwegemeza begani kwake. Joto lake lilipenya makoti mawili. Pumzi ilikuwa fupi, na kila ikitoka kulikuwa na sauti kama ya karatasi inayokunjwa.

"Wifi."

Jicho moja lilifunguka. "Jiweni?"

"Bado. Tunatoka."

Gari liliteremka bila sauti. Hita ilikuwa imezimwa, maana hita hula betri, na vioo vilianza kuganda kwa ndani. Luvanda alifuta cha mbele kwa leso. Njia ya kutoka Lusilo ni moja, inashuka mpaka darajani, inapita chini ya madirisha ya Nyumba ya Pumzi, ndipo inapanda kilomita nne mpaka ukingoni. Saba na nusu ilikuwa saba walipofika kwenye mitufaa ya misheni. Ilikuwa sita walipofika kwa fundi cherehani, ambako Fungo alikuwa amekaa kizingitini na bakuli la uji, akawapungia kijiko.

Darajani, shingo ya Yusta ililegea.

Lustika alimpiga shavuni polepole. Alimfungua kola. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau, na ile sauti ya karatasi sasa ilikuja mara moja, ikakaa, ikasubiri, ikaja tena. Alikwisha kuwasikia watu wakihema hivyo. Alikwisha kumsikia mmoja, mwenye miaka sita.

Mbele yao taa ya Nyumba ya Pumzi ilikuwa inawaka, na kwenye baraza alionekana Sista Melania, muuguzi pekee wa bonde zima, anakung'uta shuka. Alikuwa hatua ishirini kutoka barabarani. Alikuwa na mitungi ya hewa na sindano.

Skrini ilisoma tano na nukta nne.

Mlango ukifunguliwa hapa, Lustika alihesabu, na Yusta mzito hivi, kumtoa kungechukua dakika mbili, labda tatu. Baridi yote ya mto ingeingia. Nne. Tatu. Injini ingewaka yenyewe palepale chini ya madirisha ya watoto ishirini na wawili, na feni zile zingeuvuta moshi ndani, maana feni hazijui zinavuta nini. Aliona soksi mbilimbili. Kucha zake zilikuwa zimejichimbia kwenye kanga, juu ya fundo la vidonge.

"Mwenzako vipi?" Mama Shukrani aliuliza bila kugeuka. "Simsikii akikohoa."

"Amelala," alisema Lustika.

"Mwache alale. Amefanya kazi."

Sista Melania aliinua mkono kuwasalimu. Luvanda alijibu kwa kidole kimoja, asije akatikisa mguu. Baraza likapita, shuka likapita, taa ikapita. Gari likaanza kupanda kwa mwendo wa watu wanaofuata jeneza.

Lustika alianza kuimba kwa sauti ya chini, wimbo wa asubuhi wanaoimba wanawake wa jumuiya, na Luvanda na mkewe wakaitikia, maana ulikuwa wimbo mzuri na siku ilikuwa nzuri. Walipofika ubeti wa tatu, Lustika alinyamaza asikilize. Alisubiri ile sauti ya karatasi irudi. Wale wa mbele waliendelea mpaka mwisho, wakapanga sauti mbili, na wakasema amina.

Haikurudi.

Aliendelea kumshikilia wima. Gari lilipokata kona, alikata nalo.

* * *

Walifika ukingoni wakiwa na digrii tano na nukta moja. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika mbele ya kanisa, pumzi zao zikipanda kama mvuke wa vyungu. Luvanda alisimamisha gari kando ya jiwe jeupe, akatulia, mikono juu ya usukani. Wote waliliangalia jiwe. Jua lilichomoza nyuma ya mlima, likagusa ncha yake, likateremka taratibu mpaka lote likawa la dhahabu.

Hapo Luvanda aliibonyeza hita. Injini iliwaka. Ilitetemeka, ikakohoa moshi mweusi, ambao huku juu upepo uliuchukua ukaupeleka kusiko na watu.

"Mia tatu na sitini na tano," alisema Luvanda. Macho yalikuwa yamemlowa. Alianza kuvaa soksi. "Sasa mwote moto, mama zangu. Ngojeni dakika tatu tu, litakuja joto la kweli."

Lustika aliinama, akamvua Yusta viatu, kisha akanyoosha miguu yake mpaka kwenye tundu la hita chini ya kiti cha mbele.

"Yusta," Mama Shukrani aliita, sasa akigeuka, akitabasamu. "Amka mwanangu, leo tutakunywa chai huku juu. Hebu nikuulize, hiyo homa unadhani itakaa mpaka kesho?"

Lustika alisema, "Amekufa, Mama."

Tabasamu la Mama Shukrani lilichelewa kuondoka. Luvanda alibaki na kiatu kimoja mkononi.

"Lini?"

"Kwenye wimbo. Alizidiwa darajani."

"Darajani? Pale kwa Sista?"

"Ndiyo, Mzee. Niliogopa kufungua mlango. Injini ingewaka, watoto wangevuta."

Luvanda alimtazama kwenye kioo cha dereva. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anashangaa tu, kama mtu anayeonyeshwa hesabu iliyokosewa kwenye mstari wa kwanza.

"Lakini ungesema, Mama. Ningezima gari." Aligusa kitufe kikubwa cha kuwashia, karibu na usukani. "Likizimwa kabisa haliwaki lenyewe. Hata barafu ikijaa ndani. Tungelisukuma pembeni mpaka jua litoke. Ndivyo lilivyotengenezwa."

Lustika alikiangalia kile kitufe. Miaka kumi na tisa. Alijua digrii, alijua mapaji ya uso, alijua nani amekunywa ulanzi na nani hakula. Hakuna asubuhi hata moja aliyoona gari la Lusilo likizimwa njiani, maana asubuhi ya gari lililozimwa ilikuwa haihesabiwi, na hakuna mwenye gari aliyewahi kukubali kuanza upya kutoka moja. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kulitamka, na yeye hakuwahi kuliuliza.

"Ungezima?" Mama Shukrani alimuuliza mumewe kwa sauti ndogo. "Leo?"

Luvanda aliinama kufunga kamba za kiatu. Alifunga cha kulia, akakifungua, akakifunga tena. Kengele ya ibada ilianza kulia.

"Wanatungoja," alisema hatimaye. "Tukiingia tutamtaja kwenye sala. Nitamtaja mimi mwenyewe." Aliunyoosha mkono kuelekea kitufe. "Nizime, Mama, au?"

"Liache liwake."

"Petroli ya kurudia..."

"Liache liwake, Mzee."

Waliondoka. Milango miwili ya mbele ilifunguliwa na kufungwa upesi, kwa mazoea, ingawa sasa haikuwa na maana. Kupitia kioo kilichoanza kuyeyuka Lustika aliwaona wakipokewa, akaona kibao cha shaba kikiinuliwa, kikipigwa na jua. Watu walipiga makofi yenye glovu, makofi yasiyo na sauti.

Ndani ya gari hita ilikuwa imeshika. Hewa ya moto ilitoka miguuni, ikapanda magotini, ikajaza kila kona. Lustika hakukumbuka ni lini aliwahi kukaa kwenye joto kama hilo. Alifungua fundo la kanga, akavitoa vidonge vyote sita, akaviweka kwenye kiganja cha Yusta na kuvikunja vidole vyake mmojammoja. Kisha, bila kufikiri, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea, aligusa paji la uso wake.

Lilikuwa baridi. Jana jioni, kwenye mstari, angelikataa.

Aliuacha mkono hapohapo, kama alivyoombwa. Kanisani walisali, wakaimba, wakasali tena. Injini iliendelea kunguruma, na kidogokidogo ngozi chini ya mkono wake ilipata uvuguvugu, kisha joto la kawaida, joto la mtu mzima aliyelala usingizi mzuri baada ya kumeza dawa yake. Lilifika hapo na halikuzidi.